Duara la Buluu kwenye Jiko la Kioo

Mama Miwani alikuwa na tabia ya kulijulia hali jiko kabla ya kumjulia hali binadamu. Akitoka chumbani anakwenda moja kwa moja jikoni, anavuta pazia, anainama mpaka shavu linakaribia kugusa meza, kisha analitazama jiko lake kwa ubavu, jicho moja limefumbwa. Ukimkuta hivyo bila kumjua ungedhani anasikiliza kama linapumua. Kumbe anatafuta mikwaruzo. Kioo ukikitazama kutoka juu kinakudanganya. Kitazame kwa ubavu, mwanga ukiwa unatoka upande wa pili, kinakueleza kila kitu.

Asubuhi hiyo kilimweleza.

"Jamani, jamani, jamani!"

Upande wa kulia, pale alipopasafisha jana mpaka ungeweza kujitazama ukachana nywele, palikuwa na alama mpya: duara la buluu iliyoungua, upana wa sahani ndogo, na kando yake mistari miwili myembamba ya kijivu. Lilikuwa duara la tatu mwezi ule.

Dada yake mkubwa alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jikoni, sinia la maharage mapajani, akichambua taratibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeamkaje?"

"Niliamka vizuri mpaka nilipofika hapa. Dada, hili duara limetoka wapi?"

"Duara gani?"

"Hili hapa."

Dada hakunyanyuka. Alinyoosha shingo kidogo, kama mtu anayetazama ugomvi wa majirani usiomhusu. "Mimi naona jiko tu."

"Lina rangi ya buluu, dada."

"Basi si uchafu. Uchafu wa buluu uliuona wapi wewe?"

Mdomo wa Mama Miwani ulikuwa mkali kwa wauza duka, kwa mafundi na hata kwa maofisa, lakini ukifika kwa dada yake ulijikunja wenyewe. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni, akamfunga viatu siku ya kwanza ya shule, na akamzaba kofi mtoto wa mwalimu aliyemwita Macho Manne. Mtu kama huyo unamfokeaje? Kwa hiyo alivuta trei yake ya usafi kutoka chini ya sinki, akaanza kazi.

Aligusa kioo kwa mgongo wa kiganja kuhakikisha kimepoa. Akapitisha kitambaa cha maji kuondoa vumbi lote, maana chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa ni sawa na kumpa paka ruhusa ya kunoa kucha. Akanyunyiza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Duara halikutingishika. Akakoroga magadi soda na maji kidogo mpaka yakawa mazito kama dawa ya meno, akalipaka, akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kulipa robo saa lifikirie. Aliporudi na kufuta, buluu ilikuwa imepungua lakini haijaondoka. Hapo ndipo alipouchukua wembe wake wenye mpini. Aliulaza karibu kabisa na kioo, akausukuma mbele polepole, na vipande vidogo vya buluu vikajikunja kama maganda ya mlango mkuukuu.

Akakichukua kimoja kwa ncha ya kidole, akakipeleka dirishani.

"Hii ni rangi," alisema. "Rangi ya kupaka. Dada, katika nyumba hii nani anapika rangi?"

"Labda limetoka nalo kiwandani," dada yake akajibu, na maharage yakaendelea kudondoka kwenye bakuli, moja moja.

Sasa ieleweke kwa nini mwanamke mzima aliweza kupoteza asubuhi yake kwa ajili ya duara. Kwa miaka thelathini na mitatu Mama Miwani alikaa kwenye meza moja, chumba cha nyuma cha duka la miwani, akichonga lenzi ziingie kwenye fremu. Mbele dukani walikuwepo wenye makoti meupe na maneno laini. Nyuma alikuwepo yeye, jiwe la kunolea, maji na taa. Alishika macho ya wakuu wa shule, ya mapadri, ya mashehe, ya vibibi waliotaka kusoma barua za wajukuu. Hakuwahi kuvunja lenzi zaidi ya nne, na moja kati ya hizo nne ilivunjwa na mwenzake aliyepiga chafya. Mikwaruzo alikuwa akiisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Mteja akileta miwani kulalamika kwamba imefifia bila sababu, yeye anaiinua mwangani na kusema, "Mwambieni aache kuifuta kwa pindo la shati." Mwingine: "Huyu anailaza kifudifudi upande wa kushoto wa kitanda." Wateja walidhani ni mchawi.

Siku ya kustaafu, wenzake hawakumpa saa ya ukutani kama walivyowapa wengine. Walimpa jiko. Wauzaji huliita indaksheni. Yeye aliliita jiko la kioo, na jina likakaa. Lilikuwa bamba jeusi linalong'aa, tambarare kama maji ya ndooni, lenye maduara manne na vitufe visivyobonyezwa bali vinavyoguswa tu. Fundi umeme aliyekuja kulifunga alimweleza kila kitu akiwa amelala chali chini ya meza.

"Mama, hili halina moto. Linapasha sufuria yenyewe, si hewa. Na sufuria isiyoshika sumaku halina habari nayo. Inua, usiburute. Usilifanyie rafu. Na huku chini lina feni, usije ukalizibia na mifuko yako."

"Kwani umeona mifuko?"

"Mama, nimelala juu yake."

Alifuata kila neno. Alitoa sufuria zote za alumini, akabaki na tatu za chuma, nzito, kitako kinene, zilizoshika sumaku kiasi kwamba ukiibandika unahitaji kucha kuibandua. Kwa miaka miwili aliishi na jiko lile raha mustarehe.

Kisha akaja dada.

Dada naye alikuwa na ufundi wake, asidharauliwe. Alikuwa muosha vyombo kwenye jiko la shule ya bweni, akaosha sufuria za wanafunzi mia nne kwa miaka ishirini na tisa, kwa majivu, mchanga na waya wa kusugulia. Sufuria iliyopita mikononi mwake ilitoka inameremeta kama imetengenezwa asubuhi hiyo. Alipostaafu alikwenda kukaa kwa mwanawe wa kwanza. Baada ya mwaka akahamia kwa wa pili. Baada ya miezi minane, kwa kitindamimba, dereva wa gari la mizigo, mwenye vyumba viwili na watoto watano. Kila mahali alipokelewa vizuri na kuagwa vizuri zaidi. Siku kitindamimba alipomshusha kwa Mama Miwani, mzigo wake wote ulikuwa begi moja la zipu na furushi la sufuria zake za alumini, nyepesi kama karatasi, ambazo hakutaka mtu azibebe ila yeye.

"Dada," Mama Miwani alimwambia mlangoni, "hapa ndipo mwisho. Hutoki tena. Nakuapia."

Aliapa kwa moyo mweupe. Ila wakati ule jiko lilikuwa bado halijaguswa.

Wiki ya kwanza tu dada aliweka sufuria yake ya alumini juu ya kioo, akagusa kitufe, jiko likalia tii, tii, tii, likajizima.

"Linalia nini hili?"

"Haliitambui hiyo sufuria, dada. Halishiki alumini."

"Halitambui? Sufuria imelisha watoto mia nne, jiko linauliza kitambulisho?"

Wiki ya pili alimwaga maji juu ya vitufe, likalia tena. "Sasa na maji nayo halitaki? Linaoga lini?" Wiki ya tatu alikutwa na kopo la majivu aliloomba kwa jirani, kidole kimeshachovywa. Mama Miwani alilipokonya kopo lile kwa heshima zote, kwa mikono miwili, akiinama kidogo, kama mtu anayepokea zawadi. Kisha akaenda kulimwaga mbali na nyumba, akaongea peke yake njia nzima.

Lakini la sukari ndilo lililompandisha presha. Dada alikuwa akichemsha maziwa yenye sukari kwenye sufuria ya chuma. Yakafurika. Mama Miwani alikuwa bafuni. Alipotoka, alimkuta dada yake amesimama wima mbele ya jiko, kitambaa mkononi, ametulia kama mlinzi wa benki, na maziwa yameshaganda kuwa gundi ya kahawia.

"Dada, mbona hukufuta?"

"Nasubiri lipoe. Si wewe uliyesema lisifutwe likiwa la moto?"

"Isipokuwa sukari! Sukari unaitoa ikiwa bado ya moto, kwa wembe, haraka! Ikipoa inakishika kioo kwa meno, ukiibandua inaondoka na kipande!"

"Kumbe sheria ina ndugu zake," dada akasema. "Hukunitambulisha."

Kipande kiliondoka kweli, kidogo tu, ukubwa wa punje ya mchele. Kwa mtu mwingine si kitu. Kwa Mama Miwani ilikuwa sawa na kuona jino limeng'oka mdomoni mwa mtoto wake. Hakulala mchana ule, ingawa alijilaza.

Na sasa maduara ya buluu.

Siku tatu baada ya duara la tatu, Mama Miwani alichukua viatu vyake vya kutokea kwenda kwa fundi viatu. Alifika, akafungua mfuko, akakuta amebeba kimoja. Fundi alimtazama juu ya miwani yake, ambayo nayo yeye aliichonga. "Mama, huyu mwingine amekataa kuja?" Akageuka kurudi nyumbani, amekasirika na kiatu.

Mlangoni tu pua ilimpasha habari. Kulikuwa na harufu ya rangi inayoungua. Akaingia jikoni bila kuvua hata kilemba. Juu ya duara la kulia ilikaa sufuria ya alumini ya dada, inatokota bila wasiwasi. Chini ya sufuria kulikuwa na kitu chembamba, chekundu kwa moto pembeni, kinachotoa moshi mwembamba. Alihitaji kuinama ili akitambue. Ulikuwa mfuniko wa kopo la biskuti, lile kopo la buluu la kuwekea vifungo na nyuzi.

Dada alikuwa amegundua mwenyewe, bila fundi wala mwalimu, kwamba mfuniko ule unashika sumaku. Unauweka chini, jiko linadanganyika, linaupasha mfuniko, mfuniko unaipasha sufuria. Kazi imekwisha. Ilikuwa akili ya ajabu, na katika siku nyingine Mama Miwani angeisifu.

"Dada!"

Mwiko ulianguka. Mama Miwani aligusa kitufe cha kuzima.

"Wewe ndiye! Mfuniko! Miezi yote hii nafuta, nakwangua, najiuliza nimelaaniwa na nani, kumbe ni wewe na mfuniko wa biskuti!"

"Chakula kinaiva, si kinaiva?"

"Kioo kinaungua! Huu mfuniko ungeweza kukipasua vipande viwili! Sufuria ninazo tatu, zimekaa pale, zimekukosea nini?"

"Sufuria zako ni nzito kama mitungi ya gesi. Mimi sikuja hapa kunyanyua vyuma kama mtu wa jeshi."

"Kitu kidogo tu nakuomba! Inua, usiburute! Tumia sufuria niliyokupa! Mtoto wa darasa la pili angeelewa!"

Neno hilo alijuta kabla halijatua. Lakini hasira ikishachukua usukani haipigi breki pale pale, ikamsogeza mpaka kwenye neno baya zaidi, tena alilitamka kwa upole, akidhani anarekebisha.

"Basi, dada. Tusigombane. Kuanzia leo usiguse jiko hili. Wewe kaa, pumzika. Utapikiwa."

Kumwambia mtu wa umri ule apumzike kunasikika kama hisani. Dada alilisikia vingine. Uso wake ulifungwa kama duka. Alifuta mkono kwenye nguo, akatoka, akachukua simu yake ya vitufe, na Mama Miwani akamsikia kupitia dirishani akisema na kitindamimba: "Jumamosi uje unichukue. Hapana, hatujagombana. Nimepumzishwa."

Ilikuwa Alhamisi. Kwa kitindamimba hakukuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka, kila mtu alijua hivyo, na dada mwenyewe alijua zaidi. Akitoka hapa angeanza mzunguko upya, mwana kwa mwana, begi kwa begi, akiwa na miaka sabini na nne. Na aliyeapa kwamba hatatoka tena ndiye aliyemtoa.

Ijumaa walikaa katika nyumba ile kama abiria wawili wasiojuana. Dada alikaa sebuleni, mgongo umenyooka, mikono mapajani, begi lake miguuni. Akiletewa chai anasema "Ahsante sana, mama," kwa ile sauti anayopewa mwenye hoteli. Mama yake nani? Mama Miwani alirudi jikoni akavuta pumzi kwa pua kama fahali. Angeomba radhi, ndiyo, angeomba, lakini aombe radhi ya nini hasa? Kioo si kimeungua? Mfuniko si ulikuwepo? Mwenye haki ni yeye, na bado ndiye anayejisikia mwizi!

Alipozidiwa alifanya alichokijua. Alitoa trei, akasafisha jiko lote, kona hadi kona. Siki, magadi soda, wembe, kitambaa kikavu. Buluu ilitoka yote isipokuwa kivuli. Kisha akavuta pazia, akainama, shavu mezani, jicho moja.

Safari hii hakutafuta mkosaji, kwa sababu mkosaji alikwishamjua. Ndiyo maana labda aliona. Ile mistari ya kijivu, ambayo kila siku alikuwa akiihesabu kama makosa, haikutawanyika ovyo kama mikwaruzo ya mtu mzembe. Yote ilianzia mahali pamoja, ukingoni, pale meza inapokutana na kioo. Hakuna hata mmoja ulioanzia katikati. Maana yake hakuna sufuria hata moja iliyowahi kutua kutoka juu. Zote zilisukumwa kutoka mezani. Tena kila mstari ulikuwa na vituo. Unakwenda kidogo, unasimama, unakwenda. Na yote ilipinda upande mmoja, upinde mpana, kama njia ya mkono wa kushoto unaosukuma kitu ukiwa umeegemezwa na mwili.

Dada yake hakuwa mashoto. Kofi alilompiga mtoto wa mwalimu lilitoka kulia.

Mama Miwani alinyanyuka polepole. Akakumbuka vikombe vya chai ambavyo dada alivijaza nusu siku zote akidai daktari amemkataza chai nyingi. Mlango wa bafuni uliofunguliwa kwa kiwiko. Magauni yote yenye vifungo yaliyobaki begini, na yale mawili ya kupitishia kichwani yaliyofuliwa kila kukicha. Maharage yaliyokuwa yakidondoka moja moja. Miezi saba tangu dada aje! Yeye anayesoma mikwaruzo ya watu asiowajua, amekaa miezi saba na mkono mgonjwa mezani, anautazama mfuniko!

"Mjinga mkubwa wewe," aliliambia jiko, ingawa si jiko alilolisema.

Hakwenda sebuleni mara moja. Alimjua dada yake. Ukimwendea na huruma anakutoa na huruma yako.

Jumamosi asubuhi gari la mizigo lilisimama mbele ya nyumba, kubwa kuliko nyumba, likafunga njia yote. Kitindamimba akashuka, mtu mnene mwenye haya, anajifuta jasho wakati jua bado halijakaza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umekuja na lori la tani saba kubeba begi moja?"

"Ndilo gari nililo nalo, mama mdogo."

Jikoni Mama Miwani alikuwa amebandika maziwa ya chai ya mgeni kwenye sufuria kubwa ya chuma. Akaingia sebuleni. Dada yake alikuwa amesimama tayari, kitambaa kimefungwa kichwani vizuri, furushi la alumini limeegemezwa kifuani kwa mkono wa kushoto.

"Dada, kabla hujaondoka, nishikie hii." Akamnyooshea kikombe. Upande wa kulia.

Dada alikitazama kikombe. "Mkono wangu una mzigo, huoni?"

"Wa kulia hauna."

"Sitaki kikombe."

"Hutaki au huwezi?"

Kitindamimba alitazama mmoja, akatazama mwingine, akarudi hatua moja mlangoni.

"Nani kakwambia?" dada akauliza kwa sauti ya chini.

"Umeniandikia mwenyewe kwenye jiko, mistari kumi na saba, nimeisoma. Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa kwa mkubwa." Akaketi, furushi bado kifuani. "Ulianza vidole kufa ganzi. Nikaangusha bakuli la mkwe wangu. Wakasema, pumzika, mama. Kwa wa pili nikamwaga uji wa mtoto. Pumzika, mama. Kwa huyu hapa," akamwonyesha kwa kidevu, "sikuangusha kitu, niliangusha mtoto. Hakuumia, alicheka. Lakini nikaambiwa nipumzike. Nimepumzika mpaka nikapumzishwa nyumba hadi nyumba. Nikasema hapa nisipumzike. Hapa nipike, kwa sufuria zangu nyepesi, nikisukuma kwa huu mzima. Nani anamtaka muosha vyombo wa mkono mmoja?"

"Mama, mimi sikujua," kitindamimba akasema.

"Wewe utajua nini, unashinda barabarani."

Mama Miwani alihisi machozi yanakuja, akayakasirikia, akayageuza kuwa kelele, maana kelele aliziweza zaidi.

"Miezi saba, dada! Miezi saba unanifanya nikwangue rangi ya kopo la biskuti kwa wembe! Unaunguza kioo, unaharibu mkono, unanifanya mimi nionekane mwendawazimu ninayeinamia jiko, kwa sababu hutaki kusema maneno mawili, mkono unauma?"

"Hauumi. Umekufa ganzi."

"Ndiyo vizuri?"

"Na wewe usinipigie kelele. Mimi ni dada yako."

"Najua wewe ni dada yangu! Ndiyo maana napiga kelele! Ungekuwa mgeni ningekunyamazia!"

Kabla dada hajapata jibu, jiko lililia. Tii, tii, tii. Wote watatu waligeuza shingo. Maziwa. Mama Miwani, mwenye jiko, mwenye sheria, alikuwa ameyaacha kwenye moto mkubwa, na sasa yalikuwa yamepanda, yamemwagika, yametanda juu ya vitufe, na jiko limejizima kwa hasira.

Alikimbia. Dada alimtangulia, na hakuna anayejua vipi, kwa miaka ile na furushi lile, ambalo lilibaki sakafuni likigaagaa na kupiga makelele ya bati.

"Yana sukari?" dada akauliza.

"Yana sukari!"

"Basi sasa hivi, kwa moto! Kamata wembe! Kwanza itoke sufuria!"

Mama Miwani aliishika sufuria kubwa kwa matambara, ikamshinda; ilikuwa imejaa, na kweli ilikuwa nzito. Ukweli huo alikuwa hajawahi kuukiri. Akaanza kuivuta kando.

"Inua!" dada akafoka. "Usiburute! Mtoto wa darasa la pili angeelewa!"

Akashika sikio la pili kwa mkono wa kushoto, tambara na yote. Wakaiinua, mmoja huku mmoja kule, wakaitua mezani juu ya ubao. Kisha Mama Miwani akaulaza wembe, akakwangua sukari ya moto, na dada akawa anapokea kila alichokikwangua kwa kitambaa chenye maji, haraka, kwa mpigo, kama watu waliofanya kazi hiyo pamoja tangu utoto. Kioo kikabaki kizima. Mama Miwani aliinama, akakitazama kwa ubavu. Dada naye akainama upande wake, jicho moja limefumbwa.

"Pale," dada akasema. "Umeacha."

"Wapi?"

"Pale, karibu na kitufe. Miwani unachonga ya wengine tu?"

Mama Miwani alipafuta. "Jumatatu tunakwenda hospitali, mkono ukatazamwe."

"Anakwenda nani?"

"Unakwenda wewe, na mimi nakusindikiza, na ukikataa nakwenda peke yangu nakuja na daktari hapa."

"Daktari gani atakubali kufuatana na wewe?"

"Na sufuria tutainua wawili. Ukitaka kupika unaniita."

"Na ukiwa bafuni?"

"Utasubiri!"

"Maharage hayasubiri."

"Basi nitatoka na sabuni! Mungu wangu, dada, hata kukubali tu huwezi?"

Kitindamimba alikuwa amesimama mlangoni, begi la mama yake mkononi, amechoka kwa kutazama tu. "Sasa mama," akauliza, "hili nipeleke garini au nirudishe ndani?"

Dada hakugeuka. Alikuwa bado ameinama, anakagua ukingo wa kioo.

"Huoni nina kazi?" akasema. "Rudisha chumbani. Kisha ukasogeze lori lako, umewafungia watu njia."